Mbayuwayu wa Silvano

Silvano alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo aliwapa ndege. Tangu utotoni aliamia mtama wa baba yake usiliwe na ndege, amesimama juu ya dungu na kombeo mkononi, akipiga kelele hadi koo likauke. Akishuka chini, kimya. Hata mke aliposewa na mjomba.

Mke huyo alifariki. Anna, binti yao wa pekee, aliolewa Mwanza, hakurudi tena hata kusalimia. Kisha shamba la zabibu alimokuwa kibarua kule Makutupora likapata mwenyewe mpya, Silvano akapunguzwa kazi. Ndipo Priska, msichana wa chuo aliyekuja kuchunguza ndege kwenye bwawa la hifadhi, akampa kazi ya kutega nyavu kwenye matete. Mbayuwayu kutoka Ulaya walilala humo. Wakinaswa, walivikwa pete yenye namba mguuni, kisha wakaachiwa.

Mwaka wa kwanza Priska alimwacha amvike mmoja mwenyewe. Moyo wa ndege ulimgonga kiganjani.

"Akijaliwa, mwakani atarudi hapa hapa," Priska alisema.

"Kwangu?" Silvano aliuliza, akaona aibu.

Mwaka ukapita. Machi ilikuwa inakwisha, mbayuwayu wanakaribia kuondoka, na yule wake hajaonekana. Kila jioni walipoanza kushuka, Paskazia, mjane mwenye mtama kando ya bwawa, alipiga debe kufukuza kwelea. Mbayuwayu nao walishtuka, wakaenda kulala mbali.

"Mzee, kesho ndiyo jioni yetu ya mwisho ya kutega," Priska alimwambia. "Kamwombe anyamaze kidogo."

Silvano alifika mpakani mwa shamba, akageuka. Akaja tena, akageuka. Paskazia akamwita mwenyewe.

"Baba Anna, umepotelewa na mbuzi?"

"Hapana, mama. Ni hilo debe."

Alimweleza, macho chini. Paskazia akaangua kicheko. "Yaani nilishe kwelea ili wewe umwone ndege wako? Kwani huyo ni mkweo?" Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikaisha. "Haya. Kesho nitanyamaza. Ila mtama ukiisha, nakuja kula kwako."

Kesho yake jioni bwawa lilitulia. Mbayuwayu walizunguka juu ya matete, wakaanza kushuka. Silvano alishika kamba ya wavu, akisubiri. Mara wingu la kwelea likampita kichwani, likatua kwenye mtama wa Paskazia. Mashuke yakainama. Mwenyewe alisimama amekumbatia debe, kimya kama alivyoahidi.

"Haaai! Tokeni! Haaai!"

Sauti ilikuwa ya Silvano. Ilimtoka kabla hajajua. Kwelea wakaruka, na mbayuwayu wote wakapaa nao, wakapotelea upande wa Msalato.

Priska hakumgombeza. Alianza kukunja nyavu, Silvano akamsaidia.

"Baba Anna!" Paskazia aliita kutoka ng'ambo. "Si ulitaka ninyamaze?"

"Walikuwa wanaumaliza mtama wako."

"Basi njoo uamie wewe. Koo unalo!"

Silvano akainama kufungua fundo la kamba ambalo lilikuwa limeshafunguka.

Priska aliondoka na basi la asubuhi. Jioni Silvano alikwenda bwawani, akaketi mbele ya matete matupu. Paskazia alimwona, akamwita mara moja tu. Silvano akafungua mdomo. Lakini angani hapakuwa na ndege hata mmoja, na kumpazia mtu sauti hakuwa amezoea.