Siku Nilipopeleka Sketi ya Bibi Shuleni

Mjukuu wangu anasoma sekondari Katesh. Wiki iliyopita alikuja hapa Nangwa na daftari lake, akakaa uani akikariri maneno ya Kiingereza ya kusemea vitu vya zamani. "Old. Former. Ancient." Nikamwambia hayo yote nayajua. Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Bibi aliyeishia darasa la nne ajue "ancient"? Basi nikavuta kitambaa, nikamwonyesha kovu juu ya sikio. Maneno yale yalinipitia mwilini kwanza, kichwani yalifika baadaye. Nakusimulia na wewe kama nilivyomsimulia yeye, ila yeye kuna kipande nilimficha.

Tulikaa Gendabi. Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea. Asubuhi nilikamua mbuzi, nikafagia zizi, nikanywa maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi kutoka kwenye kibuyu. Siku hizi maziwa yanakaa kwenye ndoo ya plastiki, hayana ladha kabisa, lakini hayo tuyaache. Nikishakunywa nilikimbia shule.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa kijana mwembamba, mgeni, na akipiga alipiga kama mtu anayeua nyoka. Mwenzetu mmoja alivunjwa kidole kwa sababu ya "old". Mwalimu alitaka kila neno lije na kitu chake. "Leteni vitu vya kwenu vilivyopitwa na wakati!" Mmoja akaleta mkuki butu, mwingine kigoda. Mimi nikapeleka kibuyu kilichopasuka. "Hii ni takataka!" akasema, akanipasua kichwa kwa fimbo. Hilo ndilo kovu. Akaniambia kesho nilete kitu cha maana.

Bibi alikuwa na sketi ya ngozi. Ngozi laini ya ndama, imekatwa vipande vyembamba, imepakwa samli, ina shanga kiunoni. Akitembea ilikuwa inanong'ona. Lakini sokoni mgambo walikuwa wakiwafukuza wanawake waliovaa ngozi, kwa hiyo siku za kawaida alivaa kitenge, na sketi aliitundika kwenye nguzo nyuma ya kitanda, akiivaa msibani tu. Mimi kwa akili yangu ya utoto nikaona, haivaliwi, basi imepitwa. Nikaikunja, nikawahi shule. Mwalimu alikuwa peke yake anafuta ubao. Nikaiweka mezani, nikatoka mbio.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu mwanamke hupewa sketi ile akiolewa. Mwanaume akiichezea amewatukana wanawake wote, na wanawake wenyewe ndio wanaomhukumu.

Kipindi kilipoanza mwalimu akaiinua. "Ancient!" Tukaitikia, "Ancient!" Kisha akaifunga kiunoni juu ya suruali, akacheza, akatikisa makalio. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Na mimi nilicheka, sikufichi. Uzi ukakatika, shanga zikamwagika sakafuni.

Jioni Bibi alikuwa ameshasikia. Alijifunga nguo, akaenda kwa jirani, na jirani akaenda kwa jirani yake.

Kesho yake, saa nne, tukasikia wanaimba. Walikuja kutoka kila upande, vikongwe kwa mabinti walioolewa juzi, kila mmoja na fimbo. Mwalimu mkuu akawakimbilia. "Mama zangu, shikamooni! Tukae tuzungumze."

"Marahaba," Bibi akajibu. "Tutakaa. Atangulie huyu kukaa chini."

Wakaingia darasani, wakamburuta mwalimu wetu nje kwa shati. Alirusha fimbo yake, ikampata Bibi mdomoni, jino likaruka. Hapo ndipo fimbo zao zilipomshukia. Fimbo ikipiga nyama inalia kivyake, ikipiga mfupa inalia kivyake, na zote nilizisikia. "Cheza sasa!" mama mmoja akamwambia. "Jana si ulicheza vizuri? Tikisa!"

Bibi akainua mkono, wakatulia. Damu ilikuwa inamtoka kidevuni. "Nani alikupa?"

Tulikuwa tumebanana dirishani. Nikajikojolea. Anayeitoa sketi ya nyumba yake wanawake humlaani, hata akiwa mtoto, na binti wa laana ile hakuna nyumba itakayomchukua. Mwalimu alikuwa amebakiwa na jicho moja linalofunguka. Likanitafuta, likanipata.

"Sikupewa na mtu," akasema. "Niliingia nyumbani kwako, nikaiba."

Kuingia chumbani kwa mwanamke ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Wakaanza upya. Mkono wake ulipovunjika nilisikia, kama kuni kavu. Hakuniangalia tena. Mwalimu mkuu alitoa fahali mweusi ndipo wakamwacha, wakamla fahali wenyewe bila wanaume. Mwalimu akapakiwa juu ya lori la maharage, akaenda zake. Sikuwahi kumwona tena.

Sketi iliyokwisha kufungwa kiunoni mwa mwanaume isingevalika tena. Bibi aliifukia nyuma ya zizi. Jirani alipofiwa, wenzake Bibi wote walikwenda na ngozi, Bibi na kitenge, wakamkalisha pembeni kabisa. Nilimwona ameinamisha kichwa, ulimi unagusa pengo la jino. Siku moja tukichambua maharage nikaanza, "Bibi, ile sketi..." Akasema, "Chambua." Tukachambua. Mpaka leo najiuliza kama alijua. Mwizi mgeni angejuaje nyuma ya kitanda?

Alikufa sijamwambia, na hicho ndicho kipande nilichomficha mjukuu wangu. Wenzake nao wamekwisha, mmoja mmoja, na nyimbo zile hakuna anayezijua. Juzi nilipita Gendabi, nikasalimia wanawake kisimani, wakaniitikia vizuri, wakarudi kwenye simu zao. Nilitaka kuwaambia kwamba ni mimi niliyeitoa. Lakini hakuna hata mmoja pale ambaye angeinuka kutafuta fimbo.