Mabenchi Matupu, Masufuria Matupu

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, inanirudia hata nikiwa naosha vyombo. Ni ile niliyosimama kwenye sala ya jumuiya nikaomba kina mama wamwombee jirani yangu. Ukisikia hivyo utadhani nilikuwa mtu wa Mungu. Ngoja nikuambie ilivyokuwa.

Nilikuwa bado sijafika arobaini. Nilitoka Ngokolo, Shinyanga, nikaja Geita kwa kufuata ndoa, nikafungua kibanda cha chakula kando ya barabara wanayopita wachimbaji. Wali, ugali, dagaa, na asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, napika na karanga kama mama alivyonifundisha. Mabenchi yangu manne yalijaa mpaka watu wanakula wamesimama. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mama Kulwa na mabenchi yake mawili yasiyojaa. Nilimpenda sana wakati ule. Hata chumvi nilikuwa namwazima.

Kisha watu wakaanza kupungua kwangu. Kwake ndiyo hakukaa mtu kabisa. Lakini saa saba mchana, mwanangu, masufuria yake matatu makubwa yanakuwa yameinamishwa juani, yameoshwa, na mimi nimebaki na ugali unaoota ngozi. Sasa hicho chakula kinaliwa na nani?

Nilichokuwa naona ni yeye na simu yake ya kupangusa, anapiga picha sufuria, anacheka peke yake. Siku moja alivuka barabara akaomba apige picha michembe yangu. Nikamwambia chakula changu siyo bibi harusi. Akacheka, akarudi kwake. Wiki hiyohiyo wateja wakazidi kupungua, nikaanza kuwaza alitaka kuifanyia nini ile picha. Huku kwetu mtu akishaanza kuwaza hivyo, unajua anakoishia.

Tena mimi nilikuwa nimesoma madarasa ya jioni, mtoto mgongoni, mpaka nikaweza kusoma masomo kanisani. Mama Kulwa la saba hakumaliza. Iweje yeye? Wivu haukuniambia jina lake, mwanangu. Ulikuja umevaa kitenge cha jumuiya na rozari mkononi.

Basi Jumamosi hiyo nikasema, "Tumwombee jirani yetu mmoja. Kuna wanaokula kwake ambao sisi hatuwaoni." Sikumtaja. Hakukuwa na haja ya kumtaja.

Haikupita wiki, kina mama wakawa wanapita upande wangu tu wa barabara. Mwenye kibanda alichopanga Mama Kulwa akamwambia mwisho wa mwezi atafute pa kwenda. Na kwetu neno la uchawi kama lile halimwishii mtu kwenye kibanda tu. Limeshafukuza watu kwenye miji yao, na limeshafanya makubwa zaidi ambayo sitaki kuyaandika hapa. Nililijua hilo nilipokuwa nafungua mdomo.

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu akaja Bibi Thereza, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi tupu.

"Mayu, mama yangu, hao walaji wewe uliwaona?"

Nikasema sikuwaona.

"Basi kesho funga hapa, uende ukamwoshee masufuria mpaka uwaone. Ukiwaona uje uniambie, na mimi niwaogope."

Nilikwenda. Mama Kulwa aliniangalia, akanipa steelwaya ya kusugulia. Kuanzia saa nne simu ikaanza kulia. Alikuwa na kundi humo kwenye simu, ana manesi wa zahanati, wauza vipuri, kina dada wa saluni, mafundi wa machimboni. Anawawekea picha ya kilichoiva, wanaandika oda, wanalipa hukohuko kwenye simu. Bodaboda wawili wanaegesha mlango wa nyuma, upande ambao mimi siuoni, wanafunga hotipoti, wanaondoka. Kufika saa saba mwiko unagonga chini ya sufuria. Walaji niliowatangaza kwenye jumuiya walikuwa manesi wenye njaa.

Nikamuuliza ile picha ya michembe ilikuwa ya nini.

"Kuna fundi wa Shinyanga kila siku ananiuliza michembe. Mimi siijui kuipika. Nilitaka nimwonyeshe yako, oda ije kwako." Akafunika hotipoti. "Wanangu wanaulizwa shuleni mama yao anamlisha nani."

Hakupaza sauti. Mimi nikaendelea kusugua sufuria lililokwisha ng'aa.

Jumamosi iliyofuata nilisimama tena, na safari hii nilitaja majina, lake na langu. Wengine walicheka, mmoja alitoka nje. Kwa mwenye kibanda nilikwenda mara tatu, ya tatu nikamshika mkono nikampeleka mlango wa nyuma, akawaona bodaboda kwa macho yake. Akamwacha abaki. Lakini neno halirudi lote, mwanangu. Yupo mama mpaka leo hanunui kwake, na huyo ni mzigo wangu.

Usidhani wivu uliniacha. Mwezi uliopita Mama Kulwa kaleta bajaji yake mwenyewe ya kusambazia chakula, mpya, inang'aa. Tumbo likaniwaka palepale. Nikavuka barabara na kitambaa cha jikoni begani, nikamwambia, "Mama Kulwa, nakuonea wivu."

Akasogeza hotipoti. "Panda basi twende. Michembe yako ya oda imo humu nyuma."

Kwa hiyo wewe unayefungua biashara sasa, ukiona mwenzako anauza na wateja wake huwaoni, usimtafutie mganga, na usimpeleke kwenye maombi kabla hujampelekea swali. Biashara siku hizi ina mlango wa nyuma. Mwombe akuonyeshe. Wivu ukikushika, useme kwa jina lake, kwa Mungu kwanza, halafu kwa mwenyewe unayemwonea. Ukiuvalisha nguo za sala utamla mtu.

Mungu akulinde mdomo, mwanangu, akujazie masufuria na kuyamaliza, na siku tumbo litakapowaka akupe miguu ya kuvuka barabara.