Gunzi Lililotokea Bombani

Nilipohitimu shahada ya uzamifu, kanisa letu la Kianjokoma lilipanga ibada ya shukrani. Kwa desturi yetu, mzazi ndiye anayesimama kueleza mtoto amesomea nini. Mama alikataa katakata kusema eti nimesomea vijidudu. Tayari kijiji kizima kilidhani ninapima taifodi. Jirani mmoja alishawahi kuniletea mkojo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Nilikasirika hadi nikacheka.

"Nifundishe," mama aliniambia Jumamosi tukichuma majani chai. "Kesho sitaki kuaibika mbele ya watu."

Nikamweleza polepole, kwa Kiembu. Bakteria ninaowasoma huogelea kwa mkia. Mkia huo hujengwa kuanzia chini: kwanza kitako kwenye ukuta wa mwili, kisha kulabu, mwisho uzi mrefu wa kusukumia. Katikati mna tundu, na vifaa vya kujengea hupitia humo hadi nje. Jeni za uzi haziruhusiwi kufanya kazi mapema, kwa sababu uzi ni gharama kubwa na bila kulabu hauna pa kushika.

Mama akaacha kuchuma. "Na huyo bakteria hana macho. Anajuaje kwamba kulabu imekwisha?"

Nilitaka kumkumbatia hapo hapo. Swali hilo ndilo lililokula miaka yangu yote ya maabara! Nikamwambia kuna protini moja inayomshikilia msimamizi wa jeni za uzi, yaani protini nyingine inayoziwasha, asifanye kazi. Kulabu ikikamilika, protini hiyo husukumwa nje kupitia tundu lile lile. Ikishatoka, msimamizi anakuwa huru, na uzi unaanza kuundwa.

Mama akarudi kuchuma. Nikadhani nimemchosha. Jumapili niliketi kanisani roho juu.

Mama akasimama na kitambaa kipya kichwani. "Mnakumbuka tukichimba mtaro wa maji?" Wakaitikia. "Bomba lilipofika huku chini, mwenyekiti wa mradi alikataza mtu yeyote kununua mfereji wa kufungulia maji nyumbani. Tulitia gunzi la mahindi ndani ya bomba kule juu msituni, maji yakalisukuma, tukalingoja huku. Lilipochomoka ndipo tukajua bomba ni zima, tukaruhusiwa kununua. Basi bakteria naye ana gunzi lake. Likiwa ndani, uzi wa mkia hauundwi. Likitoka kwa bomba, kazi inaendelea. Anayelijua gunzi hilo ni huyu mtoto wangu."

Vigelegele vilipasua kanisa. Wazee waliochimba ule mtaro waligeuka kunitazama, wakitikisa vichwa kwa kukubali kana kwamba nilikuwa nao siku ile na jembe mkononi. Niliona fahari ambayo sikuiona hata siku ya joho.

Siku hizi nikishuka sokoni hakuna anayeniletea chupa. Wananiita Daktari wa Gunzi, nami huitika kabla hawajamaliza kuita.