Meza ya Mabibi Harusi

Maziwa ya unga, kahawa na naftalini: hiyo ndiyo harufu ya meza yetu ya chakula pale Gikondo, meza ambayo sikumbuki siku hata moja kuiona na chakula. Sahani zetu tulizipakata. Mezani walikaa mabibi harusi wa mama. Mama alitunga shanga za shingoni na za kichwani kwa wasichana wanaoposwa, na vipande vya vitenge vilivyobaki alivishona kuwa mapambo ya ukutani. Kila msichana alikuwa na kopo lake: huyu la maziwa, huyu la kahawa, yule la majarini lenye kifuniko kilichobonyea. Hakuna lililoandikwa jina. Ukifungua moja unakuta shanga nyekundu, nyeupe na buluu, kulabu, vifungo na kipande cha kitenge, vyote vimelala pamoja. Na harusi ikipita kopo halitupwi, kwa sababu, mama alisema, uzi hukatika watu wakicheza, na siku msichana akijifungua, mtoto atavishwa shanga za kopo la mama yake. Basi wasichana waliolewa, wakahama, wakazaa, wakanenepa, na makopo yao yakabaki kwetu.

Mwaka niliomaliza shule ya msingi niliihitaji meza ile kuliko kitu kingine chochote. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, gereji ya nyuma ya nyumba ilikuwa ikigonga mabati tangu asubuhi, na mimi nilisomea sakafuni, daftari juu ya kigoda, shanga zilizodondoka zikinichoma magotini. Kila nilipolalamika, mama, aliyekulia Bujumbura na ambaye Kiswahili cha huko hakikumwacha kamwe, alinijibu bila kuinua macho: "Ngoja Beatha aolewe, nitakutolea meza." Beatha alikuwa binti wa jirani. Kabla ya Beatha nilimngoja Espérance, na kabla ya Espérance nilimngoja Josiane. Nilichoka mno. Nilifika mahali nikawachukia watu wote wanaopendana.

Kisha akaja shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sote tulimwita Masenge. Alikulia Kampala, alifanya kazi ofisini, alikaa Rebero, na akiona kitu kimekaa ovyo mwili ulimwasha. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, na mama alikuwa ametoka na jembe kuzibua mtaro pamoja na majirani. Masenge, ambaye goti lake liliuma siku za umuganda tu, alitandika shuka sakafuni akaniambia, "Kuja tufanye kazi ya maana." Tukamwaga makopo yote. Tukachambua, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, tukazitia kwenye chupa za kioo alizokuja nazo na kuzipanga juu ya kabati. Meza ikawa tupu. Nilipitisha kiganja juu yake. Kumbe mbao zake zilikuwa na rangi ya asali! Nikatandaza vitabu vyangu vyote, hata nisivyovihitaji, nikaketi mbele yake kwa raha zangu.

Mama aliporudi alisimama mlangoni, jembe bado mkononi.

"Beatha iko wapi?"

"Yote iko hapa, wifi," Masenge akasema kwa fahari, akionyesha chupa. "Buluu hii, nyeupe hii. Ona vile nimekupangia."

"Nauliza Beatha. Iko wapi?"

Beatha hakuwepo tena. Buluu yake ilikuwa imechanganyika na buluu za wasichana wengine, ambazo kwa macho yangu zilikuwa kitu kimoja, lakini ukizitunga pamoja moja inavimba, nyingine inazama, na mkufu unatoka umepinda kama meno ya mtoto. Na gusaba yake, siku ambayo ukoo wa mwanamume huja kumwomba msichana, ilikuwa Jumamosi inayofuata. Mama hakupiga kelele. Alikusanya vitabu vyangu, akavipanga vizuri kitandani, kisha akamwaga chupa zote mezani. "Mana yanjye, Mungu wangu," Masenge akasema, akakumbuka goti lake, akarudi Rebero. Wiki nzima, badala ya kusoma, nilichambua buluu. Beatha alifungwa mkufu wake akiwa tayari ndani ya vazi lake la mushanana, wageni wako mlangoni. Mimi mtihani niliusomea kitandani. Nilifaulu, lakini hasira ya meza ile ninayo mpaka leo.

Sasa naishi Busanza, na mama anaishi nami. Alikuja na magunia ya makopo. Nikasema hapana, si katika nyumba hii. Nilinunua kabati la droo ndogo ndogo, na sikurudia upuuzi wa Masenge: kila bibi harusi nilimpa droo yake, mama akinitajia kopo hili ni la nani, na jina nikalibandika kwa herufi kubwa. Makopo nikayatupa. Wageni walisifu. Mama akaacha kutunga. Alivuta droo, akatazama, akairudisha. "Jina naliona," aliniambia. "Beatha simuoni." Akawa anashinda mbele ya televisheni, mikono mitupu mapajani, na mimi naitazama meza yangu inayong'aa nikiudhika kuliko nilivyoudhika utotoni.

Mwezi huu Beatha mwenyewe alipiga simu. Binti yake anaposwa. Nikamsikia mama akimwambia, kwa sauti ndogo, atafute mtu mwingine. Nilikuwa nakula. Niliinuka na kisirani changu chote, nikachomoa droo moja baada ya nyingine, nikazimwaga mezani, Beatha, Espérance, Josiane, kulabu na vifungo, mpaka shanga nyingine zikaviringika chini ya makochi. Nilitegemea atanigombeza. Alivuta kiti, akavaa miwani, kidole chake kikaanza kutembea katikati ya buluu, akitoa moja, akiacha moja.

"Haya, sasa umepanga," akasema, akaisukuma sahani yangu pembeni.

Nikaichukua, nikaenda kuipakata.