Pilau ya Pasaka Iliyoishia Kwenye Kanzu ya Mkwe

Jamani, hili la Pasaka ya mwaka juzi sipendi kulisimulia, nikilianza tu uso unawaka, ila hapa mtaani kwetu Soweto kila mtu ameshalisikia na wengine wameongeza ya kwao, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi na Mama Rehema tumeishi ukuta kwa ukuta tangu watoto wetu wananyonya. Wao Waislamu, sisi wa kanisani, na sikukuu zote, zao na zetu, tunakula pamoja. Sharti ni moja tu, kuku wangu wa Pasaka huchinjwa na mume wake, Baba Rehema, ndipo wote tunakula kwa amani. Mwaka ule Rehema alikuwa amechumbiwa, wakwe wanakuja kutoka Igawa, na mama yake akataka wakaribishwe kwangu (kwangu mimi!) ili waone binti ametoka kwenye mtaa wa watu wanaopendana.

Basi nimetoka kanisani nina furaha hiyo, tumeimba Amefufuka mpaka sauti imekauka, nikarudi mbio jikoni. Baba Rehema alikuwa amekwenda kuwachukua wageni, akaniambia nisubiri, akirudi atachinja. Nikasubiri weee, simu yake haipatikani, vitunguu nimeshakata, na shemeji yangu Ambakisye, aliyeshuka milimani na gunia la viazi, anazunguka na kisu mkononi anauliza tunangoja nini, majogoo wenyewe wawili tu. Nikamwambia haya, chinja. (Mwenye duka pale kona naye ni Mwislamu, ningemwita angekuja, Mungu ananiona.)

Nikajipa moyo kwamba wageni nitawaeleza mlangoni, nitawapa wali na maharage, na maharage nikayabandika kabisa. Lakini wakaingia wote kwa mkupuo, kanzu, mabaibui, kiroba cha mchele wa Madibira, salamu ndefu, na Baba Rehema akaniomba radhi, gari liliwaharibikia njiani, akasema anajua sikukosa Mwislamu mwingine wa kuchinja. Nikacheka. Badala ya kusema, mimi nikacheka, na baada ya kucheka mdomo haukufunguka tena.

Sinia la pilau likawekwa mkekani, watu wakanawa, mzee wa Igawa, baba wa mchumba, akasema bismillahi, akashika tonge. Hapo moyo ukanishinda, nikalirukia sinia nikisema chumvi imezidi. Mzee wa watu, kwa adabu yake, akalishika upande wa pili akisema hapana mwanangu, chakula cha sikukuu hakirudishwi jikoni. Nikavuta, naye akavuta, na pilau yote ikamwagika kwenye kanzu yake nyeupe.

Kabla sijapata hata kitambaa, Ambakisye akaita kutoka mlangoni, "Shemeji, majogoo niliowachinja mwenyewe unawamwaga?"

 Nilitamani ardhi inimeze. Baba Rehema akamtazama mke wake, wakwe wakatazama chini. Mama Rehema ndiye aliyeinuka, akaanza kumpangusa mkwe wake punje za wali, wala hakunitazama.

"Mama Tumaini," akasema taratibu, "ungeniambia mlangoni tungekula maharage yako tukacheka."

Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu, na mzee yule hadi leo akinipigia simu huniuliza habari za chumvi. Mama Rehema naye hakuacha kuja. Pasaka iliyofuata Baba Rehema alichinja mwenyewe, asubuhi mapema, nimesimama pale naona kwa macho yangu. Lakini mkewe aliingia na hotpoti yake mkononi, akakaa palepale anapokaa siku zote, tukapiga soga, tukacheka, na wakati wa kula akafungua hotpoti yake, akanipakulia na mimi.

Nikala. Kilikuwa chakula kitamu sana, na kila tonge lilinikumbusha kwamba changu hakukigusa. Mwaka huu majogoo watamngoja Baba Rehema hata kama tutakula jioni, na kiti cha Mama Rehema nitakiweka jikoni, karibu na sufuria, labda hiyo hotpoti ataiacha kwake.