Kasoro ya Dada Rehema

Leo nimeshindwa kubonyeza kitufe kimoja tu.

Ofisini kwetu Mchafukoge tunatengeneza mfumo wa kompyuta wa stoo kwa maduka ya Kariakoo. Kwenye majaribio, aliyeandika kasoro ndiye anayeifunga, akishaona imerekebishwa. Huo ndio utaratibu.

Dada Rehema, mjaribu wetu, aliandika: "Ukibonyeza Futa, jina la mfanyakazi linapotea bila wewe kuulizwa kwanza."

Nikamrudishia mara tatu. Hiyo sio kasoro, dada.

"Mdogo wangu, mtu hafutwi hivihivi," akanijibu.

Wiki iliyopita tumemzika.

Jana ndio nimeirekebisha. (Najua. Msiniambie.) Leo bosi akasema niijaribu mwenyewe, niifunge kwa niaba ya Dada Rehema.

Nikafungua orodha ya majaribio. Jina lilikuwa moja, la kwake. Alizoea kujaribia kwa jina lake mwenyewe.

Nikabonyeza Futa.

Mfumo ukaniuliza: "Una uhakika unataka kumfuta Rehema?"

Jamani.

Nimekaa pale mpaka chai ikapoa. Kisha nikabonyeza Hapana, ingawa jaribio lilitaka Ndiyo.

Nyie mngeweza?

Bosi kauliza kama imefungwa. Nimemwambia kazi hiyo ampe mtu mwingine. Mimi Dada Rehema nilishamkatalia mara tatu, inatosha.