Chupa ya Seli Kifuani, Kitale hadi Bungoma

Siku yangu ya kwanza kazini nililaza damu kwenye friji. Sikuwa na nia mbaya. Nimekulia jikoni, na jikoni kitu kikibaki kinapelekwa penye baridi. Kwa hiyo nilipokabidhiwa chupa nyembamba ya damu jioni, nikaambiwa "iweke vizuri hadi asubuhi," niliiweka vizuri kwa kadiri ya elimu yangu: karibu kabisa na barafu.

Asubuhi Msimamizi wa Maabara, mwanamume mrefu asiyecheka kabla ya chai, aliiinua kwenye mwanga.

"Mama Nekesa, hii ni nini?"

"Damu, daktari."

"Ya nani?"

"Sijui, daktari."

"Yangu! Nilitolewa mkononi jana, na wewe umeihifadhi ati ni maziwa ya chai."

Alinieleza kwamba zile seli tulizozitafuta ndani ya damu hazipendi baridi. Si kwamba zote hufa, ila huzembea, zikasahau kuua. Kisha akakunja mkono wa pili wa shati. "Mwite muuguzi atoe nyingine. Na ukipita karibu na friji, usiisalimie."

Hapo ni Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika vyumba viwili vya mradi wa utafiti. Mimi nilikuwa msaidizi: kuosha vyombo, kulisha seli, kunyamaza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho alama yake ya baiolojia naificha hadi leo. Nyumbani kwangu ni karibu na Myanga, upande wa Bungoma, na huko nilimwacha mume wangu na binti yangu Nekesa, aliyekuwa ameanza tu kuota meno. Mimi si mtu wa safari. Nikilala kitanda kigeni naamka na mafua. Jioni za Kitale, baridi ikishuka juu ya mashamba ya mahindi, nilimpigia mume wangu simu, naye huko alikuwa amesimama juu ya kichuguu akitafuta netiweki. Nilikuwa namwambia amweke mtoto karibu na simu. Mtoto alikuwa anapumua tu, nami nasikiliza.

Sasa vijana mnaosoma haya mtauliza seli gani hizo za kumtoa mama nyumbani. Zinaitwa seli uaji asilia, ni jamii ya chembe nyeupe za damu. Asilia kwa sababu hazingoji kufundishwa adui. Kuna chembe nyingine za kinga ambazo kila moja humjua adui wake mmoja, na huchukua siku kadhaa kujipanga. Hizi huzaliwa tayari, hupita mwilini zikipapasa kila seli.

Msimamizi alinifundisha kwa maneno ninayoweza kuyabeba. Kila seli nzima ya mwili, alisema, imevaa kitambulisho juu ya utando wake. Seli uaji ina mikono ya aina mbili. Mkono wa kwanza ukishika kitambulisho, unasema "tulia." Mkono wa pili hutafuta alama za seli iliyo taabani, na ukizipata unasema "piga." Mikono hiyo huvutana, na upande uliozidi ndio unaoamua. Seli iliyoingiwa na virusi, au iliyogeuka kansa, mara nyingi huficha kitambulisho ili zile chembe zilizosomea zisiitambue. Inafikiri imekuwa mjanja. Kumbe sasa hakuna wa kusema "tulia."

"Na inaua vipi?" niliuliza.

"Inaikumbatia," akasema. "Inaikumbatia kabisa, halafu inasogeza vifuko vyake vidogo upande ule na kuvimwaga. Ndani mna perforini, ya kutoboa utando. Kwenye matundu hayo hupita vimeng'enya vinavyoiamuru seli ijivunje yenyewe. Ikimaliza inaachilia, inaenda kwa nyingine."

"Daktari, hiyo si kukumbatia. Hiyo ni ndoa ya watu fulani nawajua."

Siku hiyo alicheka kabla ya chai.

Kuona kazi hiyo tulihitaji vitu viwili: wauaji kutoka damu mbichi, na walengwa. Walengwa walikuwa seli za kansa ya damu zisizo na vitambulisho, tulizozikuza kwenye chupa bapa yenye maji ya chakula ya rangi ya waridi. Maji yakigeuka manjano, ujue zina njaa. Tulichanganya pande zote mbili, tukaziweka kwenye kabati la joto la mwili, kisha tukatia rangi ya bluu na kutazama kwa darubini. Seli hai huikataa rangi. Iliyokufa huinywa. Umeme ukipotea, na Kitale ulipotea sana, Msimamizi aliniambia nifunge ile chupa kifuani, chini ya sweta. "Wewe ndiwe kabati," alisema. Nilizibeba seli za kansa kifuani, na wangu wa kubebwa yuko Myanga.

Kisha Daktari Mtafiti, bosi wa mabosi, akaamua kazi ihamie Bungoma, karibu na watoto wenye uvimbe wa taya ambao damu zao tulitaka kuzipima. Nilitaka kuruka kwa furaha. Lakini akiba yetu iliyogandishwa ilikuwa imeharibika naitrojeni ya kugandishia ilipotuishia, na ile chupa ilikuwa ndiyo ya mwisho. Msimamizi hakunificha: "Zikifika hai, unabaki Bungoma na unalala kwako. Zikifa, hakuna kazi huko. Utarudi hapa tuanze upya, na sijui lini."

Tuliondoka asubuhi na pikapu ya mradi, dereva akiwa Mzee Karanja, mtu wa Kiminini. Chupa ilikuwa kifuani, leso juu yake. Kabla ya Webuye, askari wa kizuizi cha barabarani akatusimamisha.

"Mama, kitambulisho."

Nilikuwa nimekisahau Kitale, kwenye mfuko wa aproni.

"Na hapo kifuani umeficha nini? Toa."

Nikatoa. Akaona yale maji ya waridi. "Hii ni chang'aa ya sherehe, eeh? Fungua ninuse."

Chupa hiyo ikifunguliwa barabarani, vumbi na viini vinaingia, na kufikia kesho yake yote ni uozo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifuniko. Nilisikia pumzi ya Nekesa, kama kwenye simu zile za jioni.

"Afande," nikasema, "hiyo ni kansa ya damu. Iko hai. Fungua tu, bora usiseme sikukuambia."

Aliirudisha mapajani mwangu kama amebeba nyuki. "Dereva, toa huyu mama hapa! Pita, pita bana!"

Mzee Karanja alicheka hadi tukapita Webuye. Mimi nilikuwa nalia, nikipasha chupa.

Huko Bungoma Msimamizi, aliyetutangulia, alitia wauaji wa damu yake mwenyewe tena, akanisukumia darubini nitazame kwanza. Bluu. Moja, halafu nyingine, zimezungukwa na wauaji wadogo. Walengwa walifika hai, na wakafa inavyotakiwa. Jioni hiyo nililala kwangu. Nekesa hakunijua, alimkimbilia nyanya yake, na ilichukua muda kunizoea.

Mradi uliisha, vyombo vikapelekwa Nairobi, Msimamizi akarudi kwa baba yake Trans-Nzoia kulima. Nimestaafu. Sina safari yoyote, nyumba ninayo, na bado hukaa kwenye ngazi ya mlango nikikumbuka mngurumo wa mashine ya kuzungusha damu na ule ukungu mweupe unaobaki katikati ya chupa damu ikishatengana, wenye seli zetu. Mkono wenyewe hugusa kifua. Juzi nilimwambia hayo Mama Wafula, jirani yangu, kwa urefu nadhani, huku yeye akipepeta maharagwe peke yake.

"Uliomba nyumbani, ukapewa nyumbani," akasema. "Sasa shika ungo, haya maharagwe hayajipepeti."